Bei ya Kivuli

Hammerfest, wiki ya tatu ya Januari.
Jua halijachungulia tangu Novemba,
na mimi niko hapa, blanketi magotini,
nagombana na jua la mtu mwingine:
jua la mchezo uliotoka Ijumaa,
gigabaiti mia moja na arobaini za mchana mtupu.

Kadi yangu ya michoro ina miaka sita.
Niliinunua kwa mshahara wa kwanza wa kiwanda cha samaki,
nikaikumbatia kifuani kama trei ya mayai,
barabara ikiwa barafu tupu.
Sasa feni zake zinakoroma,
na moja hutikisika mpaka niitulize
kwa kipande cha kadibodi.

Fremu thelathini na moja. Ishirini na nane
nikiingia sokoni. Kumi na tisa
akipita mtu na punda wake chini ya miti,
kwa sababu kila jani lina kivuli
na kila kivuli kinataka kuhesabiwa,
na mhesabuji ni huyu mzee wangu,
nyuzi themanini na nne, hana hata jasho la kufuta.

Oddvar wa mtambo wa gesi,
ambaye kadi yake ilimgharimu kuliko gari langu,
ananicheka masikioni:
"Shusha vivuli. Ndivyo vinavyokula.
Nani anatazama vivuli?"

Nikashusha. Juu kabisa, juu, wastani, chini,
kama ngazi za ghala.
Kwenye "chini", kivuli cha mnara kikaota meno ya msumeno.
Kwenye "zima",
watu wakaanza kuelea.
Miguu iko juu ya mawe, lakini haikanyagi.
Punda amebandikwa. Mnara umebandikwa.
Mimi mwenyewe, upanga mkononi, stika ukutani.
Lakini fremu! Sitini na mbili,
laini kama siagi iliyosahauliwa karibu na jiko.

Usiku ule
(hapa kila saa ni usiku, nasema "ule" kwa mazoea)
tukaingia ngome ya chumvi: Oddvar,
Máret wa Kautokeino, na mimi.
Kona ya tatu, nikachomwa mgongoni.
Tukarudi. Kona ile ile, nikachomwa.
Mara ya nne Máret akauliza, polepole,
kama anayemuuliza mtoto kama amevua viatu:
"Kwani hukumwona? Kivuli chake kilitangulia.
Kililala pale sakafuni muda wote."

Kwangu sakafu ilikuwa safi kama sahani.
Nilikufa kwa fremu sitini na mbili;
nilikiona kifo changu vizuri sana, hakikukwama hata kidogo.

Kivuli cha fimbo hakimfichi mtu jua, sawa,
lakini humwambia kwamba nyuma yake kuna fimbo.

Jumanne nikatoka kununua dawa ya kupitisha joto,
kile kijibomba kidogo cha kijivu.
Watoto wa shule walikuwa kilimani,
maandazi ya jua mkononi, jemu mashavuni,
wakiimba bila kupatana.
Likatoka. Ukingo tu, dakika kumi na moja.
Na kivuli changu kikaanguka kwenye theluji,
kikavuka barabara, kikapanda ukuta wa benki,
kichwa kikaingia dirishani bila kubisha.
Miguuni kikali kama kisu, kichwani moshi.
Nikapunga mkono. Kikapunga, hakikuchelewa.
Nikajikuta natazama juu, kona ya kushoto,
natafuta idadi ya fremu.
Mama mmoja, akisukuma kiti chake cha kuteleza,
akanikanyaga bega la theluji, akaniomba radhi.

Nyumbani nikapaka dawa, nikabana skrubu nne.
Nikazima uakisi wa madimbwi, manyoya ya farasi,
nyasi za mbali, ukungu
(nani anatazama ukungu, Oddvar?),
vivuli nikavirudisha hadi wastani.

Fremu arobaini na tatu. Arobaini sokoni.
Punda ametua.

Kona ya tatu ya ngome, sakafuni,
kuna kitu cheusi, chembamba, kinapumua.
Nimesimama.
Nakingoja kianze chenyewe.